Karatasi za Tanzania na Kenya: mstari wa dola unatudanganya

Watu wakilinganisha karatasi ambazo Tanzania na Kenya zinaagiza kutoka nje huchora mstari wa dola za kila mwaka, na mstari huo wanausoma vibaya. Ukipita maduka ya steshenari Kariakoo utasikia watu wanasema Tanzania hatutengenezi karatasi kabisa, kila kitu kinatoka nje. Si kweli. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kipo tangu miaka ya 1980, miti kinaipata jirani hapo kwenye msitu wa Sao Hill, na kinachotoka pale ni karatasi ngumu ya kaki, ile ya mifuko na maboksi. Ila shika rimu ya A4, soma maandishi pembeni ya pakti, utakuta Indonesia au nchi nyingine ya mbali, ndo maana watu wanaona hatuna kitu. Na kwenye orodha ya forodha ya kupanga bidhaa, karatasi zote ziko sura moja, sura ya 48, pamoja na toilet pepa, daftari na maboksi matupu, halafu mtu anachukua jumla tu anasema nchi fulani inanunua zaidi bila kuuliza inanunua karatasi gani.

Kauli nyingine ni kwamba Kenya kuagiza sana karatasi ni udhaifu, hapa inabidi tukae kidogo. Panpaper, kiwanda cha karatasi cha Webuye huko Kenya, ilianza uzalishaji 1974, ikafungwa 2009, kwa hiyo ukiweka mwaka 2005 pembeni ya 2012 unaangalia Kenya mbili tofauti kabisa. Mwaka 2016 kampuni ya Rai wakakichukua kile kiwanda, haohao wenye Mgololo, halafu Februari 2018 serikali ya Kenya ikazuia kukata miti kwenye misitu ya umma, na zuio lenyewe likaja kutangazwa limeondolewa 2023. Kuna watu wenye ajira zao kwenye hiyo miaka, mimi siwezi kuipita kama namba tu. Alafu angalia maua, chai na mboga wanazouza nje, zote zinataka boksi, yaani karatasi inaingia Kenya ikiwa karatasi, inatoka ikiwa imebeba maua ndani, na forodha inaandika maua. Huwezi kuiona hiyo kwenye sura ya 48 hata ukeshe.

Dola nazo zipunguziwe imani. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5 hivi, kwa hiyo tani moja ni rimu 400. Tuseme kwa mfano bei ya tani imetoka dola 800 ikafika 1,200, rimu ni zilezile 400 lakini grafu inaonyesha biashara imekua asilimia 50! Miaka ya 2021 na 2022 nauli za meli na malighafi vilipanda sana, so ukilinganisha nchi mbili kwa miaka hiyo weka na tani pembeni, bila tani hujalinganisha kitu.

Wengine wakiona tulichosema tumewauzia Kenya hakifanani na walichosema wamenunua kwetu wanakimbilia kusema kuna wizi. Kukwepa ushuru kupo, sikatai, ila muuzaji anaandika thamani ya mzigo kabla ya nauli na bima, mnunuzi anaandika ikiwa nazo, na lori lililotoka Desemba likafika Januari linahesabiwa miaka miwili tofauti.

Na yale marola makubwa ya karatasi unayoyaona yanatoka bandarini Dar, mengine yanaenda Zambia na Kongo. Mzigo wa transiti hauhesabiwi kwenye manunuzi ya Tanzania.