Halisi na asili, kwenye bastola ya urithi

Wiki iliyopita shemeji yangu aliyeko Ohio alinitumia picha sita za rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ambayo mkewe ameachiwa na marehemu baba yake. Wanataka kuitangaza iuzwe, na chini ya picha kaandika: "Shem, hii Smith & Wesson orijino kabisa, ona inavyong'aa." Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia kitu cha zamani ni orijino kwa sababu kinang'aa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Tuanze na finishi, kwa haraka. Ni kile kilichofanyiwa uso wa chuma ili kisiliwe na kutu. Kwenye rivolva za zamani za Marekani utakutana zaidi na za aina tatu. Ya kwanza ni ule weusi unaocheza na bluu ukiugeuza kwenye mwanga. Si rangi ya kupaka. Ni kutu yenyewe, kutu nyeusi iitwayo magnetaiti, iliyooteshwa makusudi kwa joto au kwa chumvi zinazochemka ili ishike uso na kuinyima kutu nyekundu mahali pa kukaa. Ya pili ni nikeli, inayovishwa kwa umeme, nyeupe yenye umanjano wa mbali, tofauti na kromu ambayo weupe wake umeegemea bluu. Ya tatu ni fosfati, kijivu kikavu kisichong'aa, kazi ya haraka ya wakati wa vita. Wakusanyaji wanapotafuta thamani huuliza kwanza ni aina gani, kisha ni kiasi gani cha ile iliyotoka nayo kiwandani bado kipo.

Hapo ndipo neno "orijino" linapotuharibia.

Dukani Kariakoo orijino ni kinyume cha feki. Ukiuliza kama simu ni orijino unataka kujua imetengenezwa na nani, basi. Swali hilo Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu zamani: halisi. Limetoka kwenye khalis ya Kiarabu, kitu kisichochanganywa na kingine, na ni ndugu wa ikhlasi, ile nia isiyotiwa kitu cha pembeni. Maziwa halisi hayana maji. Dhahabu halisi haina shaba. Halisi haijali jana wala leo, inajali kuchanganywa tu.

Asili ni habari nyingine. Asl ni mzizi, ni shina. Ukimuuliza mtu asili yake, hutaki kujua kama ni mtu kweli, unataka kujua alikoanzia. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa halisi huku hali yake ikawa si ya asili, na wazee wa pwani waliotumia reale ya Maria Theresa wangelielewa hili bila kufundishwa. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa miaka na miaka, kwenye miji tofauti, ikiwa na 1780 ile ile usoni. Sarafu ni halisi, kiasi cha fedha ndani yake ni kile kile, ukiiweka kwenye mizani haikudanganyi. Mwaka ndio si wa asili. Anayeinunua akaiyeyushe iwe bangili hajali, lakini anayekusanya sarafu anajali mno.

Na kuna jambo tulilifundishwa darasani tukalisahau. Kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Sasa sikiliza wakusanyaji wa silaha wanavyopanga bei: bastola hii ina asilimia 98 ya finishi yake, ile 90, ile 60. Wanahesabu kilichobaki cha mwanzo, hawahesabu mng'ao. Rivolva iliyochakaa, weusi umegeuka kahawia kwenye mdomo wa mtutu kwa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi, inaweza kuwa na asilimia 70. Iliyovishwa nikeli upya jana ikang'aa kama sufuria la harusi ina asilimia sifuri. Neno "orijino" haliwezi kuzitenganisha hizo mbili, maana zote zimetoka kiwanda cha Smith & Wesson, Springfield, Massachusetts, na zote si feki.

Turudi kwenye picha za shemeji. Ya nne ndiyo iliyonitosha: chini ya kitako, namba ya silaha inaanza na herufi V. V ni ya Victory. Hizo ni rivolva ambazo Smith & Wesson walizitengeneza kwa ajili ya vita, 1942 hadi 1945, na zilitoka na fosfati, vibao vya mshikio vya mti wa walnati visivyo na nakshi, na pete ya kamba kwenye kitako. Nyingi sana zilipelekwa Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, zikiwa na mtutu wa inchi 5 na tundu la risasi ya Kiingereza. Vita vilipokwisha wafanyabiashara wakazinunua kwa jumla, wakakata mitutu, wakachonga silinda zimeze .38 Special, risasi ya Kimarekani iliyo ndefu zaidi, wakazivisha nikeli ili zipendeze kabatini. Kwa hiyo ule mng'ao shemeji anaojivunia ndio unaomsuta.

Nikamwambia apige picha nyingine karibu zaidi. Triga na nyundo vyote vinameta nikeli. Kiwanda hicho, hata kilipouza rivolva ya nikeli, vitu hivyo viwili kiliviacha na rangi zake za moto, mawingu ya kahawia na bluu yanayotokana na kuukaza uso wa chuma kwa joto kali. Maandishi ya ubavuni yamelainika kama jina kwenye sabuni iliyotumika siku tatu, na kingo za matundu ya skrubu zimebonyea. Hiyo ni alama ya gurudumu la kung'arishia. Fundi husugua chuma kwanza, ndipo avishe, na gurudumu halichagui kati ya kutu na herufi. Mtutu nao umekatwa: jina la kampuni linaishia pembeni, halijakaa katikati.

Ingekuwa nikeli ya kiwandani, kwenye rivolva za zamani angeweza kukuta herufi N imegongwa chini ya mtutu au kwenye fremu ukivua vibao, na B, ya blue, kwa ile nyeusi. Kama kiwanda chenyewe kiliipokea tena na kuifanyia upya, mara nyingi huacha nyota ndogo kando ya namba. Na kuna taasisi ya kihistoria ya Smith & Wesson ambayo kwa ada hukutafutia barua kutoka kwenye vitabu vya zamani: ilisafirishwa tarehe gani, kwenda kwa nani, ikiwa na finishi ipi. Barua hiyo ndiyo inayozungumza na mnunuzi. Hadithi za marehemu baba mkwe, Mungu amrehemu, hazizungumzi.

Kuvishwa upya kunaweza kupunguza bei hata kwa nusu, na hii imekatwa mtutu juu yake. Victory yenye fosfati yake iliyopauka ingeipita. Zaidi ya bei, asiifyatue kabla fundi wa silaha hajaipima: tundu la risasi ya Kiingereza lilikuwa pana kidogo, na ganda la .38 Special humo huvimba, wakati mwingine hupasuka.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, kumbuka kwamba leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba. Ukiikuta kwenye sanduku la marehemu, kwanza polisi.

Na yeyote mwenye ya kwake iliyochakaa, asiiguse kwa msasa wala stilwaya. Nasema kwa uchungu. Nilimsugulia babu ala ya jambia kwa dawa ya kung'arishia vifungo, nikiwa na miaka kumi na nne, nikiamini namfanyia hisani. Ule weusi uliokuwa umekaa ndani ya nakshi ndio uliokuwa ukiifanya isomeke. Babu aliitazama muda mrefu, akasema "ahsante, mjukuu wangu," akairudisha kabatini, na sikumwona akiivaa tena.

Nilipomaliza kumweleza shemeji yote hayo, akajibu kwa sauti, ya sekunde nne: "Kwa hiyo shem, ni feki?"

Hapana, shemeji. Ni Smith & Wesson halisi. Nikeli ndiyo si ya asili, na mtutu si mrefu kama ulivyozaliwa. Kwenye tangazo andika hivyo hivyo, na lile neno "orijino" ulifute.