Fangasi wa ukeni: maana yake, chanzo chake na namna ya kuwatibu

Fangasi wa ukeni ni hali ya mwasho na uvimbe katika uke na mashavu yake, inayotokea pale fangasi wa jamii ya kandida, ambao kwa kawaida huishi mwilini kwa idadi ndogo bila kumdhuru mtu, wanapozaliana kupita kiasi na kuanza kushambulia ukuta wa uke. Katika visa vingi mhusika ni aina moja iitwayo Candida albicans. Visa vichache husababishwa na ndugu zake, hasa Candida glabrata, ambaye ni mkaidi zaidi kwa dawa za kawaida. Inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya wanne hupata tatizo hili angalau mara moja katika maisha yao, kwa hiyo anayeugua hana sababu ya kujiona mchafu wala kuwa na aibu mbele ya mhudumu wa afya.

Jambo ambalo wanawake wengi wa hapa Dar es Salaam hawajaelezwa vya kutosha ni kwamba fangasi hao kwa sehemu kubwa hawatoki nje ya mwili. Kati ya wanawake 100 wenye afya njema, wasiowashwa wala kutokwa na chochote kisicho cha kawaida, 10 hadi 20 wakipimwa hukutwa na kandida ukeni, na hawahitaji dawa yoyote. Uke una bakteria wake wazuri, wanaoitwa laktobasili, ambao hutengeneza tindikali na kushindana na kandida kwa nafasi, hivyo fangasi anabaki katika umbo la chembe ndogo za mviringo, mtulivu na asiye na nguvu. Mazingira yakibadilika, chembe hizo huchipua nyuzi ndefu zinazopenya kwenye ukuta wa uke, na nyuzi hizo hutoa sumu iitwayo kandidalisini, ambayo watafiti waliitangaza mwaka 2016. Sumu hiyo huziumiza seli za ukuta, kisha mwili hujibu kwa kupeleka askari wake pale kwenye jeraha. Wekundu, uvimbe na mwasho anaousikia mwanamke ni matokeo ya mapambano hayo kwa kiasi kikubwa.

Mambo yanayoyabadilisha mazingira hayo yanajulikana. La kwanza ni antibiotiki: mtu anameza dawa za kifua au za jino, dawa zinawaua wale laktobasili pamoja na bakteria waliolengwa, na kandida, ambaye haguswi na antibiotiki, anabaki peke yake uwanjani. Ujauzito nao huongeza homoni ya estrojeni, ambayo huurutubisha ukuta wa uke kwa sukari, na ndiyo maana wajawazito huugua mara nyingi kuliko wengine. Kisukari kisichodhibitiwa, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga, na kinga iliyoshuka kwa sababu ya VVU isiyopatiwa matibabu ni sababu nyingine kubwa. Zipo pia dawa mpya za kisukari zinazofanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo, na wanaozitumia wanapaswa kuambiwa mapema kwamba fangasi ni moja ya athari zake.

Tukishaelewa hivyo, imani kadhaa zinakosa pa kusimama. Katika nyumba za kupanga, ambako familia tano au sita hutumia choo kimoja, mwanamke akianza kuwashwa lawama huelekezwa kwenye choo, na wakati mwingine kwa mpangaji mwenzake. Choo kichafu kinaweza kuleta kuhara na magonjwa mengine, na kina haki ya kusafishwa kila siku, lakini sicho kinachomwotesha mtu kandida ambaye tayari anaishi mwilini mwake. Hali kadhalika, kandida si hamira ya maandazi. Kuacha mkate hakutamponya mtu. Na ingawa tendo la ndoa linaweza kuchubua na kuzidisha dalili, fangasi wa ukeni hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na mume au mwenza asiye na dalili hahitaji kumeza dawa. Mwanaume anayepata wekundu na mwasho kwenye kichwa cha uume, jambo linalowapata zaidi wasiotahiriwa, ndiye anayestahili kutibiwa naye.

Imani inayoumiza zaidi ni ile ya kwamba dawa ya fangasi ni kujisafisha kwa nguvu. Mwanamke akiambiwa kwamba tatizo ni uchafu, ataosha ndani kwa sabuni, kwa dawa za kuua vijidudu, kwa limao, kwa maji ya shabu au ya chumvi, na wengine hupachika punje ya kitunguu saumu humo ndani. Yote haya huwafukuza wale bakteria walinzi na kuuchubua ukuta ambao tayari una majeraha, kwa hiyo mwasho unazidi, naye anaongeza kuosha. Uke hujisafisha wenyewe kwa ute wake. Kuchamba kwa maji ni desturi nzuri na haina haja ya kuachwa: maji safi yasiyo na kitu, kwa nje tu, mkono ukitoka mbele kwenda nyuma, kisha kujikausha kwa kitambaa safi. Vidole havina kazi ndani. Kuhusu nguo, ushauri wa kuvaa chupi za pamba na kubadilisha haraka nguo zilizolowa jasho au maji ya bahari hauna ushahidi mzito nyuma yake. Hata hivyo, kwa joto la jiji hili la Januari na Februari, ngozi iliyochubuka hupata nafuu ikiwa kavu, na ushauri huo haumgharimu mtu chochote.

Dalili kuu ya fangasi ni mwasho mkali, hasa kwenye mashavu ya uke, unaoambatana na wekundu, kuvimba, maumivu wakati wa kujamiiana, na kuchomeka mkojo unapopita juu ya ngozi iliyochubuka. Ute unaotoka mara nyingi ni mweupe na mzito, wenye mabongemabonge kama maziwa yaliyoganda, na hauna harufu kali. Sehemu hii ya harufu inafaa kukumbukwa, kwa sababu ute mwembamba wa kijivu unaonuka shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, huelekeza kwenye tatizo la bakteria, na ute wa njano au kijani wenye povu huelekeza kwenye trikomona, ambao ni ugonjwa wa zinaa na unataka wenza wote wawili watibiwe. Dawa ya fangasi haiyatibu hayo mawili.

Hapo ndipo penye kosa linalojirudia kila siku katika maduka ya dawa ya mitaani. Mwanamke anafika dirishani, nyuma yake kuna foleni, anainamisha sauti na kusema, "Naomba dawa ya fangasi." Muuzaji, kwa kumsitiri, haulizi rangi ya ute wala harufu wala kama ana mimba, anamfungia vidonge kwenye bahasha ya kaki, pengine na tyubu ya mchanganyiko yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kwa pamoja. Steroidi hiyo hutuliza mwasho kwa siku chache, ikampa mgonjwa matumaini, huku antibiotiki ikiwavuruga bakteria ambao tulikuwa tunawahitaji. Mwezi unaofuata anarudi na kusema kwamba fangasi wake ni sugu. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa za fangasi bila kuonana na daktari, ukakuta kwamba ni kama theluthi moja tu waliokuwa na fangasi pekee. Wengine walikuwa na tatizo la bakteria, maambukizi mchanganyiko, au hawakuwa na maambukizi yoyote. Sioni kwa nini sisi tuwe hodari zaidi wa kujipima kwa kukisia.

Kipimo chenyewe ni chepesi na hakihitaji mashine kubwa. Mhudumu huchukua ute kwa kijiti chenye pamba, akaugusisha kwenye karatasi ya kupima tindikali. Fangasi kwa kawaida huuacha uke katika kiwango chake cha tindikali, yaani pH isiyozidi 4.5, ilhali tatizo la bakteria na trikomona hukipandisha kiwango hicho juu ya hapo. Ute mwingine hupakwa kwenye vioo viwili. Kimoja huwekewa tone la maji ya chumvi, na humo trikomona akiwepo huonekana akijongea. Kingine huwekewa tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo huyeyusha seli za mwili na kumwacha fangasi peke yake: chini ya hadubini zinaonekana chembe za mviringo zinazochipua na zile nyuzi zake ndefu. Kwa upande mwingine, karatasi ya majibu ya mkojo ikitaja chembe za fangasi kwa mwanamke asiye na dalili, mara nyingi chembe hizo zimetoka ukeni wakati mkojo unakingwa, na hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuanzishiwa matibabu.

Fangasi wakithibitika, tiba yake ni fupi. Ipo klotrimazoli, kidonge cha kuingizwa ukeni usiku kabla ya kulala, ama kimoja cha miligramu 500 mara moja tu, ama cha miligramu 100 kwa usiku sita hadi saba mfululizo. Ipo pia flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja. Kwa visa vya kawaida nguvu zake zinalingana, na nafuu huanza kuonekana ndani ya siku mbili au tatu. Dozi ya siku kadhaa imalizwe hata kama mwasho umekwisha usiku wa pili. Krimu na vidonge vya ukeni vyenye mafuta hudhoofisha kondomu za mpira, hivyo wanaotegemea kondomu wanapaswa kulizingatia hilo. Flukonazoli nayo hugongana na dawa nyingine, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo mtu ataje dawa zote anazotumia kabla ya kupewa.

Mjamzito ana njia yake. Anatumia dawa ya kuingiza ukeni kwa siku saba, wala hamezi flukonazoli. Uchunguzi mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kuharibika kwa mimba kukiwa kwingi zaidi kwa waliomeza dawa hiyo, hata kwa dozi ndogo. Anayeshuku kwamba ana mimba, hata kama hajapima, aseme hivyo pale dirishani.

Watoto wa kike ambao hawajabalehe hawana estrojeni ya kutosha kumlisha kandida ukeni, na kwa sababu hiyo fangasi wa ukeni ni nadra sana kwao. Mama anayeona binti yake wa miaka mitano au sita anajikuna au anatokwa na uchafu asimpake dawa yake mwenyewe ya tyubu. Inaweza kuwa minyoo, inaweza kuwa sabuni inayomchubua, inaweza kuwa kitu kilichoingia ndani, na inaweza kuwa mtoto amedhalilishwa. Apelekwe hospitali, na aulizwe kwa upole.

Matangazo ya dawa za kienyeji katika mitandao hupenda kuunganisha fangasi na ugumba. Kandida hubaki ukeni, na hapandi kwenda kuziba mirija ya uzazi. Magonjwa yanayofanya hivyo ni mengine, hasa kisonono na klamidia. Kwa hiyo mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu, homa, au damu isiyo ya hedhi asiridhike na dozi ya fangasi. Hizo si dalili zake, na kuchelewa ndiko kunakoweza kumgharimu uzazi.

Wapo ambao kweli hurudiwa na fangasi, mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja, vipimo vikithibitisha kila mara. Hawa wapimwe sukari na VVU, na ute wao uoteshwe maabara ili ijulikane kama ni albicans au ni ndugu yake mkaidi. Ikiwa ni glabrata, flukonazoli mara nyingi haitoshi, na daktari anaweza kuchagua vidonge vya asidi ya boriki vya kuingiza ukeni kwa wiki mbili. Dawa hiyo ni sumu ikimezwa, hairuhusiwi kwa wajawazito, na haifai kutafutwa bila cheti. Ikiwa ni albicans, mgonjwa humeza dozi tatu za flukonazoli, moja kila baada ya siku tatu, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi sita. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 waliofuata utaratibu huo walikaa miezi hiyo sita bila kuugua, lakini baada ya kuacha dawa zaidi ya nusu walikuwa wamerudiwa kufikia mwisho wa mwaka. Ni vema mgonjwa aambiwe hayo yote mawili siku ya kwanza, ili tatizo likirejea arudi kwa daktari yuleyule akiwa na majibu yake ya zamani mkononi, badala ya kuanza upya kwenye dirisha la duka.