Salamis, 480 KK: nani hasa alipigana na nani?

Vita vya Salamis, vya baharini karibu na Athens, vikitajwa, wengi hufikiria Wagiriki upande huu, Waajemi upande ule, na chini ya sitaha watumwa wa minyororo wakichapwa mijeledi.

"Ni Wagiriki dhidi ya Waajemi." Baharini haikuwa hivyo. Waajemi hawakuwa mabaharia. Walipakiwa kama askari wa sitahani. Merikebu zilitoka kwa watu wa pwani waliotawaliwa nao: Wafoinike wa Sidoni na Tiro, Wamisri, watu wa Kupro na, usishangae, Wagiriki wa Ionia, pwani ya Uturuki ya leo. Malkia Artemisia wa Halicarnassus alikuja na merikebu tano kumpigania Xerxes, mfalme wa Waajemi ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta.

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, ana kisa hapa. Wafoinike waliopoteza merikebu walimwendea mfalme kuwashtaki Waionia kwa usaliti. Maneno hayajaisha, merikebu ya Waionia wa kisiwa cha Samothrace, ya upande wa mfalme, ikaizamisha moja ya Athens. Yenyewe ikagongwa na merikebu ya Aegina, kisiwa cha upande wa Wagiriki, lakini watu wake wakairukia iliyowagonga na kuiteka. Xerxes akayaona yote kutoka kando ya mlima. Waliokatwa vichwa ni Wafoinike, kwa kuwasingizia Waionia.

"Wapiga makasia walikuwa watumwa." Triremi, merikebu ya vita ya wakati huo, ilibeba watu wapatao 200, na 170 kati yao walivuta makasia kwa safu tatu. Wale wa Athens wengi wao walikuwa watu huru, hasa raia wasio na mali. Mtumwa aliyefungwa kwenye kasia ni wa Mediterania ya karne ya 16, miaka elfu mbili baadaye. Filamu ndizo zilizochanganya.

"Merikebu za Waajemi zilikuwa kubwa na nzito mno." Herodotus anasema kinyume: nzito ni za Wagiriki. Ndiyo maana Themistocles, kamanda wa Athens, alitaka vita vipiganwe kwenye mlangobahari mwembamba, ambako wepesi na wingi wa adui havikufaa kitu.

"Salamis ilimaliza vita." Xerxes aliondoka, jeshi la nchi kavu likabaki chini ya jemadari wake Mardonius hadi liliposhindwa Plataea, 479 KK. Mwaka huohuo, huko Mycale, pwani ya Ionia, merikebu za Waajemi zilizosalia zilivutwa ufukweni na kuzungushiwa boma. Wagiriki wakashuka nchi kavu, wakazichoma. Waionia waliokuwa humo bomani walishageuka, wakiwapiga Waajemi.