Udhihirishaji wa protini: jino linapojengwa na uvimbe unapoota tayani

Seli ya ini ina jeni zote za kutengenezea jino. Hata seli ya ngozi ya kisigino inazo. Kisigino hakioti magego kwa sababu jeni kuwepo ni jambo moja, na jeni kusomwa ni jambo jingine. Seli inapoisoma jeni na kutoa protini iliyoandikwa humo, hapo ndipo tunasema protini hiyo imedhihirishwa. Kwa hiyo anayechunguza udhihirishaji huuliza: protini gani, kwenye seli ipi, lini, na kwa wingi gani?

Jino linaionyesha dhana hii vizuri kwa sababu hujengwa kwa zamu. Mnamo wiki ya 6 ya mimba, utando wa kinywa cha kiinitete hunenepa na kuzama kwenye tishu laini iliyo chini yake. Huwa kama chipukizi, kisha kofia, kisha kengele. Muda wote huo utando na tishu hiyo hupigiana hodi kwa protini za ishara, zikiwemo BMP4 na SHH, na kila hodi huwasha au kuzima jeni za upande wa pili. Protini MSX1 na PAX9, zinazosaidia kuwasha na kuzima jeni hizo, zikiwa na kasoro, mtu huweza kukosa baadhi ya meno maisha yake yote.

Katika hatua ya kengele hutokea ameloblasti, seli za kutengeneza enameli, yaani gamba gumu la nje la jino. Hizi humwaga amelogenini, ambayo ni takriban asilimia 90 ya protini za enameli changa. Hapo pana jambo ambalo mimi bado hunishangaza: protini hiyo hutengenezwa ili iondolewe. Vimeng'enya MMP20 na KLK4 huikatakata, madini hujaa mahali pake, na enameli iliyokomaa huwa na madini kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake. Jino likichomoza, ameloblasti nazo zimekwisha kazi na kutoweka. Ndiyo maana enameli iliyomeguka haioti tena.

Lakini si kila seli ya ujenzi huondoka. Vipande vya ule utando husalia ndani ya fizi na kando ya mizizi, vimetulia tu, na kwa watu wachache huamka na kuzaa uvimbe. Unaojulikana zaidi ni ameloblastoma. Hukua polepole, mara nyingi kwenye taya la chini karibu na magego, na ingawa kwa kawaida si saratani, hula mfupa na hurudi usipokatwa vizuri. Ukitazamwa kwa hadubini, seli za pembezoni mwake zinafanana na ameloblasti, lakini enameli huioni. Zimeanza mazungumzo ya kujenga jino bila kuyafikisha mwisho. Odontoma ni kinyume chake: hutoa enameli ya kweli na dentini ya kweli (tishu ngumu iliyo chini ya enameli), ila kwa mpangilio wa ovyo.

Ili kujua protini zipi zimo, maabara hukata kipande chembamba cha uvimbe na kukimwagia kingamwili inayonasa protini moja tu. Palipo na protini hiyo hugeuka rangi, mara nyingi ya kahawia. Rangi hiyo isikimbiliwe kuitwa ugonjwa. Protini Ki-67, kwa mfano, huonyesha seli zinazogawanyika, na seli za jino linalokua kawaida nazo hugawanyika.

Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba ameloblastoma nyingi zina badiliko liitwalo V600E kwenye BRAF, protini ya kupitisha ishara ya kukua: kwenye nafasi ya 600 ya protini hiyo, asidi amino iitwayo valini imebadilishwa kuwa nyingine, asidi ya glutamiki, na ishara ya kukua inabaki imewaka. Za taya la juu mara nyingi zaidi hubeba badiliko la SMO, protini inayopokezana ujumbe wa SHH ileile ya kwenye chipukizi. Kingamwili inayotambua BRAF iliyobadilika ipo, na kwa baadhi ya wagonjwa walioonekana kuwa na BRAF hiyo, dawa za kuizuia BRAF zimepunguza uvimbe.