Mashine pepe inakula diski kiasi gani? Inategemea unamuuliza nani

Ukiuliza mashine pepe (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta halisi) imetumia nafasi kiasi gani, utapewa majibu matatu, na yote ni ya kweli. Kuna ukubwa ulioahidiwa siku mashine ilipoundwa. Kuna kiasi ambacho mashine yenyewe, kwa ndani, inaona imetumia. Halafu kuna kiasi ambacho faili lake limeshachukua kwenye diski halisi ya seva mama, yaani kompyuta halisi inayoibeba. Vijana wengi ninaofanya nao kazi hapa Dar huishia kwenye jibu la pili, kwa sababu `df -h`, ya kuangalia nafasi ya diski, ndiyo amri ya kwanza ambayo kila mtu hufundishwa. Jibu linaloangusha ofisi ni la tatu.

Chukua ofisi ya wakala wa forodha pale Kurasini, jirani na bandari. Mashine ya hesabu ni Ubuntu juu ya KVM (nyenzo ya Linux ya kuendesha mashine pepe), diski yake ni ya qcow2, aina ya faili linalokua kadiri linavyoandikwa. Kila kontena linakuja na makaratasi yake: hati ya shehena, ankara, orodha ya mzigo, na yote yanaskaniwa. Skani zikishazeeka zinahamishiwa kwenye diski ya bakapu, kisha zinafutwa. Ukichungulia ndani, hali ni shwari:

```
$ df -h /
Filesystem  Size  Used  Avail  Use%
/dev/vda1   196G   61G   125G   33%
```

Sasa toka nje, kwenye seva mama, uliulize faili lenyewe:

```
# qemu-img info -U hesabu.qcow2
file format: qcow2
virtual size: 200 GiB
disk size: 147 GiB
```

Ndani 61, nje 147. Hizo GiB 86 (gigabaiti kwa hesabu ya kompyuta) za katikati ni skani zilizofutwa zamani. Ubuntu inapofuta faili haigusi data yenyewe. Inaandika tu kwenye daftari lake kwamba vile vipande sasa viko huru. Seva mama haisomi daftari hilo. Inachojua ni kwamba vipande viliwahi kuandikwa, basi inavitunza. Skani mpya zikiangukia kwenye vipande ambavyo havijawahi kuguswa, faili linanenepa zaidi. Lenyewe halipungui.

Hiyo `-U` nimeiweka kwa sababu mashine ikiwa inawaka faili lake huwa limefungwa, na bila hiyo qemu-img inakataa kusoma. Wanaopendelea libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) watumie `virsh domblkinfo hesabu vda --human`: Capacity ni ahadi, Allocation ni kilicholiwa.

Kwa diski za aina ya raw (faili lililo nakala ghafi ya diski, bila mpangilio wake) kuna mtego mwingine, maana `ls -lh` itakuonyesha ahadi, si matumizi. Faili linaweza kusomeka 500G wakati limechukua 40G tu. Ukweli unaupata kwa `du -h`. Ni hivyohivyo kwenye ESXi (mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe) kwa diski zinazokua kidogokidogo: lile faili lenye jina linaloishia na `-flat.vmdk` litasomeka zima kwa `ls`, na `du` ndiyo itasema limeliwa kiasi gani. Na ukilihamisha faili kama hilo, shika adabu. rsync (programu ya kunakili) bila `-S` itajaza matundu yote, yaani sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa, kwa sufuri, na diski ya USB ya exFAT haijui matundu kabisa, hivyo zile 40 zinageuka 500 ukiwa umekaa unasubiri. qcow2 haina shida hii kwa kuwa inapanga vipande vyake yenyewe ndani ya faili.

Mtindo huu wa kuahidi kwanza na kutoa baadaye ni sawa na konda wa Gongo la Mboto: kila abiria anaambiwa "panda, nafasi ipo." Mashine nne zenye ahadi ya GiB 200 kila moja zinakaa vizuri tu juu ya SSD ya TB 1, ambayo kwa hesabu ya kompyuta ni GiB 931. Ongeza ya tano na ya sita, bado zitawaka bila kulalamika. Hakuna onyo lolote siku ya kuziunda.

Onyo linakuja kwa simu kutoka ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mfumo umeganda. Nabonyeza, haujibu, na mteja yuko hapa mbele yangu anataka ankara yake."

Diski ya seva mama ikijaa, KVM kwa kawaida haiiui mashine. Inaisimamisha palepale iliposhindwa kuandika. `virsh domstate hesabu --reason` itakwambia `paused (I/O error)`. Kumbukumbu yake bado iko hai, hifadhidata ipo katikati ya sentensi, inasubiri. Kwa hiyo mkono usikimbilie `virsh destroy`, maana hiyo ni sawa na kung'oa waya ukutani. Tafuta nafasi kwenye seva mama kwanza. Karibu kila mara zimo ISO (mafaili ya kusakinishia mifumo) za zamani ndani ya `/var/lib/libvirt/images`, au nakala ambayo mtu aliiweka kwa muda akasahau. Ziondoe, kisha `virsh resume hesabu`, na mama anaendelea pale alipoachia.

Kurudisha zile GiB 86 ni kazi ya `fstrim -av` ndani ya mashine, inayotangaza vipande vilivyo huru, ila amri hiyo inahitaji njia ya kupitisha ujumbe hadi nje. Kwenye libvirt, diski iwekewe `discard='unmap'`; kwenye Proxmox (mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe), weka tiki kwenye Discard. Ubuntu ina fstrim inayojiendesha kila wiki tangu unapoisakinisha, na nimekuta seva nyingi ambako inakimbia wiki hadi wiki bila faida yoyote kwa sababu njia ya nje haijafunguliwa. Ukiona fstrim inajisifu imeachia makumi ya GiB na faili la nje halijapungua, anzia hapo. Kisha angalia snapshoti (hali ya diski iliyohifadhiwa ilivyokuwa wakati fulani), kwa sababu kipande kinachoshikiliwa na snapshoti hakiachiwi hata ukifute mara ngapi.

Kwa kweli snapshoti ndizo nazitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Watu wanazifanya bakapu. Wanachukua moja kabla ya kusasisha mfumo, sasisho linakwenda salama, na hakuna anayerudi kuifuta. Kwenye VMware utaziona kama mafaili yenye `-000001` kwenye jina, kwenye Hyper-V ya Microsoft kama `.avhdx`, nazo zinakua kila siku kwa kila kinachobadilika. Pia kwenye ESXi usishtuke kuona `.vswp`, faili la akiba ya RAM: mashine ya GB 16 za RAM isiyotengewa kumbukumbu yake itachukua GB 16 za diski kila inapowashwa.

VirtualBox na Hyper-V nazipitia haraka. Kwa VirtualBox, `VBoxManage showmediuminfo` inatoa namba zote mbili, na `modifymedium disk hesabu.vdi --compact` inabana faili, mradi nafasi huru iwe imejazwa sufuri kwanza. Tahadhari ni hapo kwenye kujaza. Kwa Windows, `sdelete -z` inaandika sufuri kwenye kila nafasi huru, na faili linaweza kuvimba hadi ukubwa wote wa ahadi kabla halijabanwa. Ukifanya hivyo kwenye seva iliyobakiwa na GB chache, umeimaliza mwenyewe. Kwa Linux ya ext4 natumia `zerofree`, inayogusa tu vipande visivyo sufuri tayari, ila diski iwe imeshushwa au iko katika hali ya kusomwa tu. Kwa Hyper-V, `Get-VHD` inaonyesha Size na FileSize, halafu `Optimize-VHD` inabana.

Ndani ya mashine nako kuna vituko vyake. `df` ikisema imejaa na `du` haioni kitu, kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishika. `lsof +L1` italitaja. Nafasi ipo lakini huwezi kuandika? Angalia `df -i`, huenda zimeisha inode, zile nafasi za kuorodhesha mafaili. Na ext4 hujiwekea asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi wa mfumo), ndiyo maana hapo juu 61 na 125 hazifiki 196.

Kwenye LVM-thin, bwawa la nafasi linalogawiwa mashine kadiri zinavyoandika, ambalo Proxmox hupendelea, soma `lvs`: Data% (data yenyewe) na Meta% (daftari la bwawa), zote mbili. Wengi hawaitazami ya pili, wakati nayo ikijaa bwawa zima linakwama.

Msimamo wangu kwa ofisi ya seva moja isiyo na mtu wa zamu usiku: jumla ya ahadi isizidi diski iliyopo. Kuahidi kupita kiasi kuwaachie wenye kituo cha data na rafu ya kuongeza diski. Mwenye ofisi akisisitiza kubana matumizi, basi naweka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) kwenye seva mama, si ndani ya mashine, inayotuma ujumbe diski halisi ikifika asilimia 80. Na ujumbe huo uende kwa watu wawili, maana mmoja lazima atakuwa kwenye foleni ya Kilwa Road.