Alba si jina la ukoo

Juzi kwenye kibanda umiza, tukisubiri mechi ianze, waliweka marudio ya Barcelona ya enzi za Messi. Jordi Alba alipopanda pembeni kushoto kama kawaida yake, jamaa aliyekaa mbele yangu akageuka na kutangaza: "Huyu mtoto wa wakubwa bwana, wale kina Alba wa Hispania, wenye majumba." Ningeyapuuza, lakini mwaka huu nimeshasikia pia "familia ya kina Alba iliyoitesa Uholanzi", na mwingine akafasiri kabisa "ukoo wa Alfajiri". Sasa imetosha.

Casa de Alba, yaani Nyumba ya Alba, ni cheo cha uduki, yaani ngazi ya juu ya makabaila chini ya mfalme, pamoja na mali, majumba na watu waliokirithi cheo hicho tangu karne ya 15. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera ni hilo neno Alba.

Alba ni mji. Kwa ukamilifu ni Alba de Tormes, mji mdogo kando ya mto Tormes, si mbali na Salamanca. Mwaka 1429 Mfalme Juan II wa Castilla, ufalme ambao leo ni sehemu ya Hispania, alimpa mji huo askofu mmoja, Gutierre Álvarez de Toledo. Askofu akamwachia mtoto wa ndugu yake, naye akapewa ukaunti, cheo cha chini ya uduki. Mwaka 1472 mtoto wa huyo kaunti, García, akapandishwa na kuwa duki wa kwanza. Kwa hiyo "Duki wa Alba" ni kama kusema Sultani wa Zanzibar. Sayyid Barghash alikuwa Al Busaidi; hakuna aliyewahi kudhani ukoo wake unaitwa Zanzibar. Na kweli, alba kwa Kihispania ni alfajiri, lakini jina la mji halifasiriwi namna hiyo. Mtu wa Tanga hatumwiti mtu wa tanga la jahazi.

Ukoo wenyewe ulikuwa Álvarez de Toledo, na jina hilo ndilo lenye utamu. Ile -ez mwishoni mwa majina ya Kihispania inafanya kazi ya "bin": Álvarez ni bin Álvaro, Fernández ni bin Fernando, Rodríguez ni bin Rodrigo. Tofauti ni kwamba bin yetu hubadilika kila kizazi, yao iliganda. Álvaro mwenyewe alishazikwa na kusahauliwa, wajukuu wa wajukuu wakaendelea kuwa bin Álvaro. Toledo ni mji mwingine kabisa, uliobandikwa kutofautisha kina Álvarez hawa na wengine, maana kina Álvarez wamejaa Hispania nzima.

Aliyevuruga mambo ni duki wa tatu, Fernando Álvarez de Toledo. Mfalme Felipe II wa Hispania alimtuma Uholanzi mwaka 1567 kuzima uasi, akaunda baraza la kuhukumu waasi ambalo wananchi walilibatiza Baraza la Damu. Waholanzi wakamwita Alva tu, kana kwamba ndilo jina lake. Mpaka leo wana msemo kwamba tarehe 1 Aprili Alva alipoteza miwani. Siku hiyo ya mwaka 1572 waasi waliuteka mji wa Brielle, na bril kwa lugha yao ni miwani. Mwaka 1580 mzee huyohuyo aliongoza jeshi lililomtwalia Felipe taji la Ureno. Ndiyo maana Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, mfalme wao alikuwa yule wa Hispania.

Basi angalau watu wangeshikilia kosa moja. Lakini hata huo ukoo wa Álvarez de Toledo haukudumu na cheo. Hispania iliruhusu uduki upite kwa binti pale asipokuwepo ndugu wa kiume, na binti akiolewa, watoto hubeba jina la baba yao. Cayetana, duki wa 13, yule mwanamke aliyechorwa na mchoraji Goya amevaa nguo nyeusi akinyoosha kidole chini mchangani, alikuwa wa kina Silva. Alifariki mwaka 1802 bila mtoto, cheo kikahamia kwa kina Fitz-James Stuart. Hapo nilicheka niliposoma mara ya kwanza, kwa sababu fitz ni Kifaransa cha kale cha Wanormani, maana yake "mtoto wa". Yaani bin tena! James mwenyewe ni James II, mfalme wa Uingereza, aliyezaa nje ya ndoa mtoto aliyeanzisha ukoo huo.

Cayetana mwingine, duki wa 18, bibi yule mwenye nywele za timtim aliyefariki Seville mwaka 2014 akiwa na vyeo zaidi ya 40, alikuwa Fitz-James Stuart. Mwanawe mkubwa Carlos, duki wa sasa, ametanguliza jina hilo la mama. Mdogo wake Cayetano anatumia la baba, Martínez de Irujo. Ndugu wa tumbo moja, majina mawili, na Alba halimo.

Wakati wa mapumziko nilimgusa yule jamaa begani, nikamweleza taratibu kwamba Jordi ni Alba kwa baba na Ramos kwa mama, kama Mhispania yeyote, na kwamba wale wenye majumba hawaitwi hivyo. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo Alba wa kweli ni huyu wa Barcelona?"

Kwa jina, nikamwambia, ndiyo.