Karatasi ya Dawa na Dakika Ishirini za Kukabidhi Zamu

Ukiuliza kampuni ya kuhudumia wagonjwa nyumbani hapa Nairobi kuhusu usalama, kwa kawaida utaonyeshwa vyeti vya wahudumu. Vyeti ni lazima, na leseni ya kila muuguzi ithibitishwe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla hajagusa mgonjwa. Lakini mimi nikikagua huomba kwanza karatasi ya dawa ya mgonjwa yeyote mmoja na daftari la zamu la wiki iliyopita. Kampuni ambayo vitu hivyo viwili vimeilegea, hata vyeti vyake haviwezi kumlinda mgonjwa.

Karatasi ya dawa iwe moja tu nyumbani, na daktari akibadilisha chochote iandikwe upya na ile ya zamani iondolewe siku hiyo hiyo. Kila dawa iandikwe kwa jina lake halisi, yaani la dawa yenyewe na si la kibiashara la kampuni, nguvu kwa miligramu, idadi ya tembe, saa, na nafasi ya sahihi. Jina halisi nalisisitiza kwa sababu mzee huruhusiwa kutoka hospitali na amlodipini, dawa ya presha, ya kampuni moja, kisha mwanawe ananunua ya kampuni nyingine kwenye duka la dawa, na mhudumu anampa zote mbili akidhani ni dawa tofauti. Presha inashuka, mzee anaanguka akienda msalani, na lawama zote zinaenda kwa vigae vinavyoteleza.

Saa nazo huleta balaa. Ukiandika “saa 8”, mmoja ataelewa saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Andika 08:00 na 20:00. Kisha weka alama kwenye tembe zisizopaswa kusagwa, hasa za kuyeyuka polepole kama nifedipini ya aina hiyo. Mhudumu huzisaga kwa nia njema kwa kuwa mgonjwa anapata shida kumeza, na dawa iliyokusudiwa kufanya kazi kwa saa nyingi huingia mwilini kwa mkupuo.

Insulini nisingeruhusu itolewe na mtu ambaye msimamizi hajamwona kwa macho akiidunga. Neno “yuniti” liandikwe kwa kirefu, kwani “10U” iliyoandikwa haraka husomeka 100. Itumike sindano ya insulini yenyewe, si bomba la mililita 2: kwenye insulini ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, na kipimo hicho hakionekani vizuri kwenye bomba kubwa. Ile ya mchanganyiko wa 70/30, yaani insulini ya polepole na ya haraka pamoja, huviringishwa taratibu kati ya viganja hadi rangi ilingane, na hudungwa kama dakika 30 kabla ya chakula. Kwa hiyo chakula kiwe tayari jikoni kwanza. Sukari ya damu ipimwe kabla ya kudunga. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, usidunge. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15, na umpigie muuguzi msimamizi. Akiwa hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni, ita ambulensi.

Zamu nyingi hubadilika saa moja asubuhi na saa moja jioni, wakati ambao Thika Road imejaa. Anayeingia amechelewa, anayetoka ameshabeba mkoba, na mgonjwa anakabidhiwa kwa “yuko sawa”. Suluhisho ni kulipia dakika 20 ambazo wahudumu wote wawili wako kando ya kitanda. Usipozilipia hazitakuwepo. Ndani ya dakika hizo wasome karatasi ya dawa pamoja, wahesabu tembe zilizobaki, waseme mara ya mwisho mgonjwa alikojoa na kwenda choo lini, kisha wamgeuze na kukagua ngozi ya juu ya makalio, nyonga na visigino. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu, huenda usionekane kamwe. Papasa: mahali penye joto kuliko pengine, pagumu, au panapouma, kidonda kimeanza. Mgonjwa asilalie tena upande huo, na msimamizi ajulishwe.

Kuna kandarasi ambazo ni hatari tangu siku ya kusainiwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila saa mbili, usiku pia. Familia inaajiri mhudumu mmoja wa kulala, na hesabu yenyewe inakataa: mtu huyo anaamka mara nne au tano usiku, kisha asubuhi tunamtarajia apime insulini bila kukosea. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na bei itakayokubalika iwe imeshahesabu anayemshikia zamu.

Jambo jingine ninalolipinga waziwazi ni kumkata mhudumu mshahara mgonjwa anapoanguka. Mwezi unaofuata ripoti za kuanguka zitapungua, lakini ni kwa sababu zinafichwa, na mgonjwa aliyegonga kichwa huku akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaachwa alale bila kupelekwa hospitali. Picha za vidonda nazo zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote. Ni taarifa za afya zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zimfikie msimamizi pekee.

Mwisho, bandika mlangoni maelezo ya kuelekeza ambulensi: mtaa, geti, namba ya nyumba, alama iliyo karibu, na namba ya simu ya mlinzi wa geti. Ongeza kama machela inaingia kwenye lifti, na nani anashika ufunguo wa geti usiku.